Nusu Finjani

Duqm, Alhamisi, saa tatu za usiku.
Kambi ya Tano ina wanaume mia nne na kumi
na kila mmoja ana mtu wa kumpigia.
Uso wa mtoto unaganda katikati ya neno,
mdomo wazi, jino moja la mbele halipo.
"Haloo? Haloo? Wanisikia?"
Kambi nzima inauliza swali hilo hilo.

Meneja alishaniagiza: "Ongeza nguvu."
Nikaongeza. Wiki ile ikawa mbaya zaidi:
antena sita zapigiana kelele
kama madalali wa mbuzi Nizwa asubuhi ya Ijumaa,
kila mmoja na bei yake, mbuzi hauziki.

Jibu nililipata Al-Khoudh, sebuleni kwetu,
nikimtazama mama akimimina kahawa.
Wageni ishirini, dele moja, na finjani haijazi.
Anatia nusu, anapita, anarudi.
"Ukimjazia mmoja," alisema kwa Kiunguja chake cha kale,
"umemwambia anywe aende zake."

Basi nikapanda ngazi, kompyuta kwapani.
Nikapunguza nguvu, antena baada ya antena,
kila moja izungumze na vyumba vyake tu.
Nikagawa chaneli. Zamu nikazikata fupi.
Sauti itangulie; mpira na filamu vifuate.
Anayepakua picha za magari atasubiri,
hatakufa.

Ikabaki simu moja.
Kikongwe cha simu: neno lake moja
lala muda wa maneno mia ya wenzake,
na nyuma yake foleni yote inakokota miguu.
Mwongozo unasema: ikatae. Kubonyeza mara moja tu.
Nikaifuata ishara yake hadi kibanda cha lango.
Suwedi, mlinzi, mtu wa Wete,
anamsomea mkewe majina ya dawa,
herufi kwa herufi, kisha anangoja zimfikie.

Sikubonyeza.
Garini mlikuwa na antena ya akiba;
nikaifunga juu ya mlango wake, chaneli yake peke yake.
Kwenye ripoti nimeandika: *jaribio*.

Saa nne na nusu. Napita uani, kandambili zimejaa mchanga.
Hakuna anayesema haloo.
Mmoja anacheka peke yake kando ya tangi la maji.
Mwingine anagombezwa na mkewe,
neno baada ya neno, bila kukatika hata silabi,
naye ameinamisha kichwa:
"Nakusikia. Nimesema nakusikia."