Mlango wa Kijani

Gari ni la bluu. Mlango wa kushoto ni wa kijani,
nilioutoa kwenye Starlet nyingine, iliyofia Ndosho,
na tangu hapo watoto wa Katindo
hawaniiti tena Mwalimu.
Wananiita Kinyonga.

Jumamosi nikashuka Birere,
dola thelathini ndani ya soksi,
kutafuta kitu cha kupulizia rangi.

Mama Kanyere alinitandazia vitatu juu ya gunia
kama auzaye samaki: geuza, tazama, nusa.
Cha kwanza kikombe kimekaa kichwani,
rangi hushuka yenyewe kwa uzito wake.
Cha pili kikombe kinaning'inia tumboni,
lita nzima, cha kupakia lori au geti la askofu,
lakini hicho hunyonya, na kunyonya kunataka pumzi.
Cha tatu ni cha umeme.
"Hiki unachomeka tu," akasema,
kisha tukatazamana
tukacheka hadi muuza sabuni akageuka.
Kwetu umeme ulikuja Jumanne, ukapiga hodi, ukaondoka.

"Mlango mmoja?"
"Mmoja."
"Una hewa kiasi gani?"

Hewa. Sijawahi kuulizwa hilo sokoni.
Nina hewa ya kuazima, ya Bauma
azibaye pancha kwenye kona ya Majengo:
kompresa yake imevimba kama mbuzi mwenye mimba,
hukohoa mara tano, hupumzika,
na ukiidai zaidi hukutemea maji.

"Basi usichukue bunduki inayokuzidi pumzi."

Nikachukua cha kichwani. Tundu, moja nukta nne;
la mbili, alisema, litanimwagia uji.
Nikaitoa sindano, nikaiviringisha juu ya kioo cha simu
nione kama imepinda.
Nikakagua mpira, nikapitisha ukucha kwenye nyuzi za skrubu,
nikavuta kifyatuo mara tatu, kikarudi mara tatu.
Alitaka ishirini na tano. Nikatoa kumi na nane
na ahadi ya kumfundisha mwanawe sehemu na desimali.

Nikapiga simu nyumbani kwa furaha:
"Mama, nimepata bunduki!"

Kule, kijiko kikaacha kukoroga.
"Bunduki gani?"
"Ya rangi, mama. Ya kupulizia rangi."
Kimya, halafu sauti ya chini kabisa:
"Neno hilo usilitamke tena njiani."

Mshikio ulikuwa unachungulia nje ya mfuko.
Nikanunua sombe fungu mbili, nikaufunika,
nikapanda pikipiki nimekumbatia mboga.

Binti yangu Ushindi ndiye aliyekipa jina.
Kipulizo, akasema. Tukakubaliana.

Jumapili baada ya misa nikamwagia ua maji ndoo sita,
maana vumbi la makoro ni jeusi na lina miguu.
Nikajaribia kwanza katoni ya biskuti:
karibu mno, rangi inalia; mbali mno, inakauka hewani
na kutua kama ngozi ya chungwa.
Shubiri moja na vidole vinne. Mkono uende, usisimame,
uanze kabla ya mlango, uishie baada ya mlango.
Bauma akahesabu kikohozi cha mashine yake:
moja, mbili, tatu, acha. Moja, mbili.

Tabaka la kwanza, safi.
La pili, upepo wa ziwa ukazunguka nyumba,
nikashtuka, mkono ukasita,
chozi moja likateremka chini ya kitasa.
Liko pale mpaka leo. Sikulipiga msasa.

Watoto walikuja kuhukumu.
Mmoja akasogea, akafumba jicho, akafumbua.
"Bluu hizi ni mbili," akasema.
Ni kweli. Ni mbili.

Jioni nilikiosha kwa tina hadi vidole vikaniwasha,
sindano, kofia, kikombe, kila kitu mahali pake.
Mama alikipokea kwa kitambaa, hakusema neno.
Amekiweka juu ya kabati, kando ya pasi ya makaa,
na mdomo wake ameuelekeza ukutani.