Magugu ya Nibaldo

Jirani zetu walinyunyiza sumu mwezi wa tisa,
mashamba yao yakawa safi kama kichwa kilichonyolewa.
Sisi tulibaki na nywele zetu:
haradali pori, mbaruti,
na lile ua la buluu ambalo Nibaldo hulijua kwa jina
nami kila mwaka hulisahau.
Mama mkwe wangu, Eduvina, huwaambia wapita njia:
"Mwanangu analima magugu. Zabibu hujiotea."

Hapa Itata hatuifungi mizabibu kwenye waya.
Imesimama yenyewe, mifupi, imepinda,
kama vikongwe waliokataa kuletewa viti.
Aliyeipanda hatumjui, hakuna aliyeandika.
Twajua tu kisu chake kilikata wapi:
kovu lingalipo,
na kila Julai mkasi wangu hupita kando yake
ukibisha hodi.

Alikuja bwana wa benki kutoka Chillán,
viatu vyake vikilia kwa tope.
"Trekta liko wapi?"
Nikamwonyesha Canela, farasi jike, akitafuna uani.
"Hilo hapo. Linakula nyasi, linatoa mbolea.
Lako linakula nini?"
Hakucheka.
Mkopo nao haukucheka.

Kisha ukaja mwaka wa ubwiri unga.
Majani yalipakwa poda
kama bibi harusi asiyeitaka harusi.
Usiku tulikaa jikoni, chupa ya jirani mezani
(alituazima kwa wema, sisemi vinginevyo).
Nibaldo akaisogeza kwangu.
Nikairudisha.
Akaisogeza.
Mpaka Amparo, miaka tisa, akashuka kutafuta maji,
akauliza, "Hii ya nani?" akanyoosha mkono,
nasi tukapiga kelele wote wawili kwa mpigo mmoja.

Basi, jibu likawa hilo.
Alfajiri tulichanganya salfa
na maji yaliyobaki kwenye jibini la kondoo wetu,
tukabeba mgongoni, mstari kwa mstari,
tukinuka kama ndama.
Nusu ya mavuno tuliipoteza.
Nusu.
Siwezi kuipamba hesabu hiyo.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa moto.
Ulizuka kwenye misonobari ya kampuni,
ile inayokinywa kisima chetu usiku na mchana.
Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga;
kivuli hiki hawakukiona.
Moto haukutufikia. Moshi ulifika,
ukaingia kwenye ganda la zabibu,
ukakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga.
Nibaldo alionja divai, akatema,
akaonja tena,
akaenda kukaa na farasi.

Tuliiacha igeuke siki.
Amparo akaandika lebo kwa mkono wake,
Siki ya Mwaka wa Moshi,
herufi moja akaikosea, tukaiacha hivyo.
Iliisha sokoni kabla ya kitu kingine chochote chetu.

Leo tunavuna.
Binamu wamekuja na ndoo na njaa zao.
Eduvina amesimama kwenye kichanja cha mianzi
kilicholazwa juu ya beseni la mbao,
anasugua vichala huku na huko,
zabibu zadondoka, vikonyo vyabaki.
Mashine hufanya kazi hii kwa dakika tano.
Yeye huifanya kwa umbea, siku nzima,
na wakati wa chakula tunajua nani kaachwa na nani.

Mapipa saba, labda.
Mwaka ule yalikuwa manne,
enzi za baba mkwe, kumi na moja.
Nibaldo ananiuliza kama saba yatatufikisha Agosti.
Sijui.
Namwambia afunge lango, kondoo wameingia tena,
kisha namuuliza, lile ua la buluu linaitwaje?

Anasimama, mkono kwenye komeo.
Anatazama mistari.
Naye amesahau.
Amparo anatupita na ndoo kichwani, juisi ikimchuruzika shingoni,
analitaja
bila kusimama.