Bakuli Linalotetemeka

Mlangoni pa karakana yetu, hapa Chuno,
kuna kijimashine cha kusoma vidole.
Kila mtu anagusa, kinalia ti, anaingia.
Mimi nagusa, kinanuna.
Nafuta kidole kwenye kanga, nagusa tena.
Hakinijui.
Miaka kumi na mmoja ya kubangua, kule Newala,
mafuta ya ganda la korosho
yalikula michirizi yote ya vidole,
yakaniachia ncha laini kama kokoto ya mtoni.
Ausi mlinzi anafungua daftari,
anaandika kwa kalamu: Somoe Chitanda, saa moja kasorobo.
Basi. Nipo.

Ndani, nalisha mashine.
Ndivyo kazi inavyoitwa, kulisha,
na siku ya kwanza nilicheka, nikauliza inakula nini.
Fundi Mfaume akanionyesha mikanda
iliyoviringwa kwenye magurudumu ya plastiki,
kila mkanda na vishimo vyake,
kila kishimo kimelaza rezista moja,
ndogo kuliko yai la chawa,
imefunikwa ngozi ya nailoni.
Meno yanashika matundu ya pembeni,
yanavuta hatua moja. Ngozi inachunwa.
Pua inashuka, inafyonza, inakwenda kuweka
kwenye bodi ya taa ya sola, juu ya uji wa lehemu.
Hatua. Chuna. Fyonza. Weka.
Mara elfu tatu kabla ya chai.

Kubangua nako kulikuwa hivyo,
ila pua nilikuwa mimi.

Ninachokipenda ni bakuli la kwenye kona.
Mfaume alilitengeneza mwenyewe
kutokana na chekeche la korosho
lililouzwa Masasi kwa bei ya chuma chakavu.
Unamimina swichi kama unavyomimina choroko,
unawasha, na bakuli linatetemeka,
mtetemo usioonekana, unausikia kwenye magego,
halafu swichi zinaanza kupanda.
Zinapanda! Zenyewe!
Kwenye kijia chembamba cha ukutani, zikizunguka,
moja nyuma ya moja,
kama watu wenye mizigo wanaopandisha mlima wa Newala.
Karibu na juu kuna pengo.
Iliyokaa sawa inapita.
Iliyolala kifudifudi inakosa ukingo,
inaanguka chini, kwa wenzake.
Hakuna anayeigombeza.
Inatetemeshwa tena. Inapanda tena.

Wiki ile matokeo yalipotoka,
Siwema alirudi na uso umefungwa kama duka la Ijumaa.
Mama, nimeanguka.
Mjomba wake, mdomo umejaa muhogo,
akasema mtihani umeshasema, mtoto apewe jembe.
Nilisubiri mpaka alipoondoka.
Kisha nikamsimulia mwanangu habari za bakuli,
swichi, kijia, kuanguka, kupanda tena,
na sauti yangu ilikuwa tamu, najua,
nilijisikia mwenyewe.

Siwema akanyamaza, anachora chora mkekani kwa ukucha.
Halafu akauliza:
Hilo pengo, nani alilikata?

Sikuwa nimelifikiria.
Mfaume, nikasema. Kwa tupa.
Usiku tatu. Na mara ya kwanza alikosea kipimo,
swichi nzima zikawa zinaanguka kwa mamia,
tukazilaumu swichi,
tukampigia muuzaji simu kumtukana.
Mpaka Mfaume akaingiza kipande cha kadi ya vocha,
akapima, akaguna,
akapanua pengo kwa unene wa unywele.

Aliomba radhi? akauliza Siwema.
Nani, Mfaume? Kwa swichi?

Akacheka kidogo. Kidogo tu,
lakini alisogea karibu na sinia, akamega ugali.
Jumatatu nilikwenda naye shuleni kwao
kuuliza gharama ya kurudia mtihani.
Nyingi. Nimeshalipa nusu.

Leo asubuhi nimegusa, kijimashine kimenuna.
Ausi kafungua daftari,
kalamu yake imekata wino, anaitikisa, anaitia pumzi.
Nimempa ya Siwema.
Ameandika jina langu polepole,
herufi kubwa,
kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia.