Karani Afuta

Mwenyekiti alishaandika ubaoni: MAGUNIA YANARUDI.
Chini yake: SULUHISHO, na nukta mbili,
chaki bado mkononi.

Mimi nikanakili.

Chinguile wa mizani akasema hayarudi, yanarudishwa,
na hilo ni neno jingine.
Nikafuta.
Mchopa dereva: toka hapa Mahuta hadi ghala la Mtwara
nalala kwenye foleni siku mbili, turubai lina matundu,
halafu mnaniuliza unyevu?
Nikafuta.
Yule binti wa Naliendele, mwenye kipimo kama redio ndogo,
akauliza tu korosho zilianikwa wapi.

Kimya. Tulikuwa wanaume saba,
bei tunaijua kwa kichwa.

Ndipo Somoe, aliyeitwa kuleta chai,
akatua birika:
“Kwangu zinaanikwa uani, juu ya udongo.
Mkeka wenyewe watoto wanalalia.
Mlitangaza anayewahi ndiye anayelipwa.
Nikawahi.”

Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mwenyekiti akatazama saa, akatazama nukta zake mbili.
Mfukoni alikuwa na ankara ya mashine ya kukaushia,
imeshapigwa muhuri.
“Andika,” akaniambia, “andika hivi…”
akanyamaza.

Mchopa akasogeza kiti. Somoe akakalia.
Chai ilipoa, hakuna aliyeidai.

Saa kumi na robo nilikuwa na mstari mmoja,
umeishia kwa alama ya kuuliza:
nani alimwambia nani aharakishe?