Daftari la Darasa la Kwanza, Mtongwe

Mwaka jana tuliandikisha sitini na wawili.
Januari hii, mia na kumi na watatu,
na madawati ni yale yale.
Waliobaki wamekaa mkekani;
mkeka nimeutoa kwangu, mke wangu hajui.

Naandika ubaoni: madzi.
Chini yake: maji.
Chini yake tena, lile la Kiingereza,
nao wanalipokea kwa kishindo, wota! wota!
hata muuza mabamia nje ya ua anacheka.

Mimi, chumba hiki hiki, dirisha lile la kutu,
nilivishwa kibao shingoni kwa neno hilo la kwanza.
Nilikuwa na kiu tu.
Nikazunguka nacho nikimvizia mwenzangu
ateleze ulimi nimvike yeye, nirudi kwetu mwepesi.
Akateleza Mwarandu. Alisema "mvula",
na kweli ilikuwa inanyesha.
Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.
Siku hizi anabeba saruji Shimanzi;
tukikutana hunisalimu kwa Kiswahili cha redioni
kana kwamba mimi ni mkaguzi.

Walipokuja watu wa wizara, wakahesabu vichwa,
wakasifu ubao wangu wa lugha tatu,
nikajiona deni nimelilipa.

Hadi juzi. Mejumaa, mama wa mtoto wa mkekani,
ndiye aliyetia dole gumba Januari
akafuta wino kwenye jina la leso yake
asijue lasemaje.
Tangu hapo kila Jumatano jioni yumo humu, ngumbaru,
magoti yamegota dawati la mwanawe.
Akaniomba daftari.
Kidole kikashuka mstari kwa mstari,
midomo ikitembea bila sauti,
kikasimama.

"Mwalimu, huyu nani?"
Nikasoma: Nyamvua.
Mwandiko wangu, nadhifu, umenyooka.
"Mimi sikuzaa Nyamvua.
Nilizaa usiku wa mvula, paa lavuja,
sufuria tatu sakafuni na mkunga akiteleza.
Ni Nyamvula."

Nikatafuta la kusema, kwa lugha yoyote.
Kalamu ilikuwa mkononi mwake kabla sijalipata.
Akaichomeka l baina ya u na a,
ndefu mno, imeinama kidogo,
kichwa chake kimelikwaruza jina la mstari wa juu,
akapuliza wino ukauke.