Taa Tatu za Pijo

Bwana Lyatuu aliiacha saa moja na robo,
pikapu iliyokuwa nyeupe, sasa rangi ya uji,
mlango wa dereva umebonyea,
jani la mgomba limekaukia kwenye bawaba za nyuma.
Akasema: Ndeonasia, ning'olee hizo balbu.
Nikikanyaga breki zinaniwakia zote tatu
kama wakwe walioketi kunisubiri.
Oili ipo. Betri mpya. Breki inashika.
Akaenda zake sokoni Kiborloni
akipiga hesabu ya mikungu kwa sauti.

Balbu sing'oi.
Mwaka juzi nilimng'olea mtu, akanipa elfu tano,
akaua injini kabla hajafika Himo,
akarudi kunidai injini.

Basi nimelala chali chini ya usukani,
kisogo kwenye pedali, miguu nje mlangoni.
Wanafunzi wanapita wakihesabu kandambili zangu: moja.
Nyaya za gari la miaka arobaini
hazina tena nyekundu wala kijani,
zote zimekuwa rangi ya chai iliyolala.
Unazitambua kwa kuzifuata na kidole
na kwa mikono ya mafundi walionitangulia:
huyu wa tepu nyeusi alikuwa na haraka,
huyu aliyefunga kwa mpira wa baiskeli alikuwa na uchungu na kazi,
huyu wa plasta ya hospitali, Mungu amsamehe.

Kipimo changu ni balbu ya indiketa,
waya mbili na msumari.
Kwenye fyuzi: inawaka.
Kwenye swichi ya ufunguo: inawaka.
Nyuma ya dashibodi, kwenye soketi ya kahawia,
inawaka, lakini shingo upande.
Aminieli, kanyaga breki.
Anakanyaga, na zile tatu zinaamka nusu nusu,
kama watu watatu wanaosoma barua moja.

Nikamulika kwa simu upande wa kulia, ndani kabisa,
nikaiona arthi:
bolti ya spana namba kumi,
kutu imeishika kama ukoko wa ubwabwa.

Umeme haudai mengi. Unataka kwenda na kurudi.
Ukiuzibia njia ya kurudi
hauketi chini kulia; unapita uani kwa majirani,
kwenye balbu ya oili, kwenye balbu ya betri,
unaamsha wasiohusika,
na mwenye gari anaona moto asiojua umeanzia wapi.
Nimewahi kupanga nyumba ya namna hiyo,
pale Pasua, vyumba sita, bomba moja.
Hayo tuyaache.

Msasa. Bisibisi. Mate kidogo, usimwambie mtu.
Nikasugua mpaka bati likaonyesha jino,
nikabana kichwa kipya cha shaba, grisi juu yake.
Aminieli, kanyaga.

Ya oili, kimya.
Ya betri, kimya.
Ya breki ikabaki,
peke yake, nyekundu, haitetemeki.

Dada, bado moja, akasema.
Nikamwambia hiyo si ya kwetu, hiyo ni ya gari.
Asubuhi nzima ilikuwa inasema kweli
katikati ya waongo wawili,
na wote watatu walikuwa na sauti moja.

Tukafungua gurudumu la nyuma, kushoto.
Mpira wa silinda umechanika, ngoma imelowa,
kwenye kikombe mafuta ya breki yamebaki kimo cha kucha.
Na mtu huyu kesho alfajiri anateremka kutoka Uru
na mikungu sitini,
na mwanawe juu ya mikungu.

Saa tisa akarudi na ndizi mbivu ndani ya gazeti.
Umezing'oa?
Nikamwekea kiganjani ule mpira uliochanika.
Akaugeuza, akaunusa,
akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo.
Akatazama barabara ya juu kwa muda.
Kisha akauliza bei,
akaomba nimpunguzie,
lakini kwa sauti ya chini.