Bado Natoka

Jumamosi saa tisa, jua bado linauma,
tunakutana nyuma ya ofisi ya mtaa, Igogo,
pale jiwe moja limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.
Ubao tulioahidiwa haukufika.
"Kwani jiwe si jeusi?" akasema Mwalimu Kabula,
akaanza kuandika juu yake kwa chaki.

Tuko kumi na wanne, watoto hatuwahesabu.
Habonimana, fundi baiskeli,
hushika kalamu kama spana.
Mama Ndayishimiye anafuma sweta huku akisoma,
kila neno jipya na kitanzi chake.
Mimi nanuka dagaa.
Nimekuja moja kwa moja kutoka Mwaloni,
magamba yananimeta mkononi.

Wiki ya kwanza tulisoma samaki.
Mmoja ni fishi. Elfu nao ni fishi.
Nikacheka, mimi ninayepima kwa sado:
hawa wanauzaje bila wingi?
Asifiwe wangu, darasa la nne, akaninong'oneza,
"Mama, hata kwetu. Samaki ni samaki."
Ikabidi ninyamaze.

Na Kiswahili chenyewe nilikuja nacho mkobani,
cha Uvira, kina mikunjo yake.
Mwaka ule wa kwanza niliposema ndagala
wenye meza walishika mbavu.
Sasa nasema dagaa,
nasema mwadila kwa mama wa Kisukuma anayenikopesha chumvi,
ila nikijikwaa gizani
kilio hutoka kwa Kifuliiru.

Wiki ya tano, fomu.
Shule inataka mzazi ajaze kwa mkono wake.
Kabula akaliandika swali kwa Kiingereza,
chini yake kwa Kiswahili, yatazamane:
Unatoka wapi?
Habonimana alijibu kama askari kwenye gwaride.
Zamu ikanifika.
Nikafungua kinywa, ulimi ukagoma.

Si Kiingereza kilichonishinda.
Natoka.
Mtu akisema natoka nyumbani
mguu wake mmoja bado uko ndani,
mkono uko kwenye komeo.
Miaka kumi na mmoja, mwalimu!
Nilitoka usiku, mimba tumboni, sufuria kichwani.
Nimetoka: karatasi ninazo, zina muhuri.
Mbona basi nikiulizwa nasema natoka,
kama mtu aliyesahau kitu,
anarudi, anatoka, anarudi,
na mlango haufungiki?

Kabula hakujibu upesi.
Hapo ndipo nilipomwamini.
Aliikata chaki vipande viwili, akaniangalia.
"Mimi natoka Magu," akasema.
"Mama alishakufa. Nyumba tuliuza, shamba tuliuza.
Nami bado natoka."

Saa kumi na moja Habonimana akagonga rimu kwa spana,
ndiyo kengele yetu,
tukateremka na reki hadi mtaro unapoingia ziwani.
Watoto wanaokota chupa, wanazigombania kwa lugha tatu:
atakayeitaja kwanza ndiye anayeitia kwenye gunia.
Sisi wakubwa tunavuta gugumaji.
Ni zito, linadondosha tope, ua lake zuri bure.
Mtu akalalamika kwamba hili si la hapa,
lilikuja tu, halina hata mzizi ardhini.
Habonimana akajipangusa jasho:
"Nalo lipewe fomu."
Tulicheka hadi Mama Ndayishimiye akaketi kwenye matope.

Usiku, taa ya sola ikififia,
Asifiwe alijaza mstari wake bila kuinua kichwa.
Igogo, aliandika. Akapiga mwayo.
Akanisogezea kalamu.
Mstari wangu ulikuwa mfupi, vidoti vinane.
Niliandika herufi moja moja, U, kisha V,
nikibonyeza mpaka meza ikapokea alama.
Nilipoinua mkono
gamba moja lilikuwa limeganda kwenye wino.
Nilitaka kulibandua.
Nikaliacha.